Pepeo Lililonuka Moshi

Amelberga alishonea lesi zizini kwa jirani, kwa sababu zizini mlikuwa na joto la ng'ombe na hamkuwa na moshi. Lesi nyeupe haipatani na moshi. Kijiji kizima kilijua hivyo, na majira yote ya baridi nyumba zenye kazi mkononi zilikaa bila moto, watu wakitetemeka ili uzi ubaki mweupe. Safari hii alikuwa akishona maua ya pepeo la bibi harusi, binti wa tajiri mmoja wa Brussels, ajipepee nalo kanisani mwezi wa pili. Nani anaona joto kanisani mwezi wa pili, hilo Amelberga hakuulizwa. Macho yalimuuma, akaendelea kushona.

Wiki hiyo mama mkwe wake, bibi kizee Coleta, alishikwa na kichomi.

"Niwashie moto, mwanangu," alisema kizee. "Kidogo tu. Nataka nife nikiwa bado naisikia miguu yangu."

"Usiku lesi hulala humu ndani, mama."

"Basi nitakufa polepole, nisiichafue."

Livina, binti wa pekee wa Amelberga, alimtazama mama yake. Amelberga akaifunga lesi katika karatasi ya buluu, akaitia sandukuni, akaifunika kwa blanketi lao la pekee. Kisha akawasha moto. Kizee akapata usingizi.

Bi Seraphine, wakala wa lesi, alipokuja kuchukua kazi hakuyatazama maua. Aliinusa tu.

"Mmewasha moto."

"Tuna mgonjwa, bibi. Ulikuwa moto kidogo tu."

"Kidogo tu! Na bibi harusi naye aolewe kidogo tu?"

"Nitaifua."

"Uifue isinyae? Hii sasa ni ya kutiwa unga." Akamgeukia Livina, akamshika mkono juu ya kiwiko kama anayechagua kuku sokoni. "Nitamchukua huyu. Ana nguvu."

Unga wenyewe ni mweupe, wa madini ya risasi, na ni sumu. Lesi hulazwa katikati ya karatasi, ikanyunyiziwa unga huo na kupigwapigwa mpaka ing'ae, chumbani madirisha yakiwa yamefungwa ili unga usipotee. Rosalie, dada yake Amelberga, aliifanya kazi hiyo. Ugonjwa wake ulianza na utamu mdomoni; sasa viganja vyake vinaning'inia, na hulishwa uji na mumewe.

"Nichukue mimi, bibi. Tafadhali."

"Wewe ukiharibika vidole, maua nitashonewa na nani? Au unataka nitangaze kwamba nyumba yako inanuka moshi? Hakuna wakala atakayekupa hata uzi."

"Nitakwenda, mama," alisema Livina. "Si ni pepeo moja tu?"

Amelberga alitaka kumzuia. Alichoka kabla hajafungua kinywa, na uchovu huo aliuchukia kuliko alivyomchukia Bi Seraphine.

Pepeo lilipokwisha, Amelberga alikwenda mjini kwa Bi Seraphine kumchukua binti yake. Bi Seraphine alikuwa amelitandaza juu ya kitambaa cheusi, ana furaha.

"Njoo uone. Hata wewe hukulileta jeupe namna hii."

Livina akatoka katika chumba cha ndani. Kope zake zilikuwa nyeupe kwa unga, na pembe za midomo pia. Alikuwa amekonda. Mama yake akamfuta uso kwa ncha ya shali.

"Unakula, mwanangu?"

"Sina hamu. Halafu mama, kila kitu mdomoni kimekuwa kitamu kama sukari. Hata maji."

"Twende nyumbani."

"Nyumbani wapi?" alisema Bi Seraphine. "Mtoto ana mkono mzuri huyu. Baada ya Pasaka maharusi ni wengi, atabaki hapa. Na wewe nimekusamehe, kazi nyingine hii hapa."

Akamwekea Amelberga uzi mpya mikononi. Livina alimtazama mama yake, akangoja. Mlangoni nyuma yake unga ulikuwa ukielea hewani.

"Asante, bibi," alisema Amelberga.

Livina akarudi ndani, akaufunga mlango vizuri kama alivyofundishwa.