Jiwe la Mzee Kiptanui

Chelangat aliteremka kwenye boda boda pale Kedowa, akatazama kilima cha kwao, akaona pengo. Alidhani macho yanamdanganya. Alikuwa Bomet akimtunza binti yake aliyejifungua, na alipoondoka mti wa podo wa baba yake ulikuwa umesimama juu ya kaburi lake, hatua chache kutoka barabarani. Sasa palikuwa na hema, viti vya plastiki na jiwe lililofunikwa shuka ya kijani.

Jamani, kuna watu hawana haya hata kidogo! Mzee Kiptanui ndiye aliyewafundisha watu wa huko kupanda miti ya kienyeji, wakati kila mtu alikuwa mbioni kung'oa msitu apande chai na mikaratusi. Alikuwa haendi harusi bila mche mkononi. Alipougua alimwambia Chelangat wasimjengee kaburi la simiti. Wamzike chini ya podo yake, mti uwe ndio alama yake. Chelangat akaapa kuulinda. Kwa hivyo wanakijiji walipounda kamati wakamwomba mahali pa kuweka jiwe la kumkumbuka mzee, aliwapa kona ya shamba kwa moyo mweupe, na akawakanya wasiuguse mti.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Kimeli, mtoto wa kaka yake. Alimjia akitabasamu ndani ya suti mpya, akaeleza kwamba mti ulikuwa unaliziba jiwe, wageni hawangeliona kutoka barabarani. Tena mbao hazikupotea, shangazi, wametengenezea jukwaa. Alisema hivyo kama mtu anayengoja kushukuriwa.

Chelangat angemzaba kofi pale pale, lakini mgeni rasmi alikuwa ameshafika na kwaya imeanza kuimba. Wakamvuta mbele, maana yeye ndiye binti, yeye ndiye wa kufunua jiwe. Alikataa kulikanyaga lile jukwaa. Alisimama kwenye nyasi akawasikiliza wakimvisha marehemu kilemba cha ukoka: shujaa wa misitu, baba wa miti, tufuate nyayo zake. Kisiki bado kinatoa utomvu, na wao wanapiga makofi! Akiivuta shuka ile, Kedowa nzima itasema binti mwenyewe aliridhia.

Zamu yake ilipofika, hakuigusa.

"Shamba hili ni langu," alisema. "Jiwe mmeshalijenga, likae. Lakini jina la baba yangu litoke."

Mgeni rasmi alikohoa, akashauri wazungumze baada ya chakula. Chelangat hakumtazama hata kidogo.

"Kimeli, alama yake ya kwanza umeikata wewe. Na hii ya pili uikate mwenyewe."

Kimeli alitazama huku na huku akitafuta wa kumtetea. Akina mama wa kanisa waliinuka wakaja kusimama na Chelangat, na wazee wakainamisha vichwa. Fundi aliyelichonga jiwe akamletea tindo na nyundo bila kuambiwa. Kimeli alivua koti, akaondoa shuka, akapiga magoti akaanza kulibomoa jina la babu yake, herufi baada ya herufi, mbele ya watu wote. Vumbi jeupe lilimjaa usoni na machozi yakapita humo humo. Chelangat naye alilia, lakini hakusogea.

Mwishowe Kimeli aliweka nyundo chini.

"Shangazi, imetosha?"

Chelangat aliinama, akapitisha kidole pale palipochimbwa.

"Bado linasomeka," alisema. "Endelea."