Besiboli Haina Msemaji

Nimefanya kazi kwenye dawati la michezo la gazeti moja la Johannesburg kwa miaka saba. Mtu akiniambia kwamba sisi waandishi hatumwogopi yeyote, huwa nacheka kwa uchungu. Tunawaogopa watu sana, ila tunachagua wa kuwaogopa.

Wa mpira wa miguu tunawaogopa. Klabu kubwa ikikasirika, Jumamosi unafika uwanjani unakuta jina lako limefutwa kwenye orodha ya waandishi, na mhariri hana kazi na mwandishi asiyeingia uwanjani. Kwa hiyo kabla ya kuchapa neno lolote baya juu ya mchezaji, tunampigia msemaji wa klabu, tunamsomea tulicho nacho, tunampa siku nzima ya kujibu. Mimi huita huko kupiga hodi. Besiboli haina msemaji. Ina viwanja vichache kusini mwa jiji na katibu mmoja mstaafu anayetutumia matokeo kila Jumapili, nasi tunayabana chini kabisa ya ukurasa, pembeni ya tangazo la matairi.

Machi 2018 nililetewa video iliyopigwa kwa simu. Kocha mmoja wa besiboli, jina lake Steve, alikuwa anampiga mchezaji wake mguuni kwa kigongo katikati ya mazoezi. Niliandika habari ile kwa saa moja. Sikumpigia Steve, sikumpigia katibu. "Nani atalalamika?" mhariri aliniuliza, akanipa ukurasa mzima na picha. Steve alikosa, sisemi hakukosa. Polisi walimkamata kesho yake, na kabla wiki haijaisha alikuwa amemwaga unga kwenye shule aliyokuwa akifundisha. Mimi nilialikwa redioni mara mbili kuzungumzia ujasiri wa waandishi. Nilikwenda zote mbili, tena nimevaa hereni, kana kwamba redioni wataziona.

Ukurasa ule ndio ulionileta kwa Jeanne, au tuseme ulimleta yeye kwangu. Alikuwa Mkongomani wa Bukavu, msusi katika saluni moja ya Rosettenville, na mteja wake alikuwa amesahau gazeti letu kwenye kiti. Mwezi Aprili alikuja akanisubiri kwenye geti la ofisi tangu asubuhi. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimefungwa kwenye kibao.

"Njo weye maman Jelimo? Njo uliandika ule wa besiboli?"

"Ndiye mimi, dada."

"Basi andika na wangu."

Wake alikuwa Tumu. Kwa asiyemjua, na sidhani kama yupo jijini, Tumu alikuwa mshambuliaji wa klabu kubwa, sura yake imebandikwa hadi kwenye chupa za juisi. Kwa mwaka mzima Jeanne alikuwa akitumiwa nauli ya teksi kwenda kumsuka nyumbani kwake siku moja kabla ya mechi. Wiki ile mstari mmoja ulipinda kidogo, juu ya sikio, na mechi ilikuwa ya kuonyeshwa nchi nzima. Tumu alijitazama kwenye kioo. Kisha akamshika Jeanne mkono, akakikunja kidole kimoja kwa nyuma mpaka kikavunjika, akakunja na cha pili, akimuuliza kama sasa amejifunza.

"Alikuwa amelewa?" nikauliza.

"Hapana. Alikuwa na haraka."

Alikuwa amekwenda polisi. Waliandika jina lake kwenye karatasi isiyo na namba yoyote, wakamuuliza kama Tumu atacheza Jumamosi, wakamwambia arudi nyumbani.

"Mi natafuta kitu moya tu, bafungue kesi," alisema. "Polisi banasoma gazeti. Ule wa besiboli, uliandika leo, kesho balimukamata. Mukono yangu haiwezi tena kusuka, maman. Bantu bajue ni nani alifanya."

Nilizikagua karatasi zake zote. Alikuwa na picha za mifupa na cheti cha daktari. Alikuwa na ujumbe wa Tumu mwenyewe kwenye simu: wakati mwingine mstari uwe mnyoofu, la sivyo nitamaliza mkono mzima. Ushahidi wa kumtosa Steve haukufika hata nusu ya huu. Damu ilinichemka, na sitaki kusema uongo, nilifurahi pia. Niliona ukurasa wa kwanza.

Mhariri alisoma, akavua miwani. "Eish," akasema. "Umeshapiga simu klabuni?"

Nilipiga. Msemaji wao aliitwa Roy, Mkenya mwenzangu, tunayesali naye kanisa moja. Wenzangu wakimpigia huongea nao Kiingereza kigumu cha ofisini. Mimi huniongelesha Kiswahili.

"Jelimo! Umepotea sana, dada. Watoto hawajambo?"

Nikamsomea kila kitu. Nikasikia anashusha pumzi.

"Woi. Huyo mama ameumia kweli. Na ni mtu wetu, anaongea Kiswahili, yuko mbali na kwao. Wacha kwanza tumpeleke kwa daktari mzuri wa mikono, hayo mengine baadaye. Tumu tutamnyoosha wenyewe. Anapatikana wapi?"

"Roy, mimi naandika lakini."

"Andika! Nani amekukataza? Kesho saa nne asubuhi nakupa jibu la klabu. Nipe tu mahali anafanyia kazi, tusimchoshe kuja huku."

Nikampa. Jina lake kamili, saluni, mtaa, mpaka rangi ya mlango. Mchana kutwa mimi hushindana na watu kwa Kiingereza, siamini neno lao hata moja. Halafu mtu mmoja akaniita dada kwa lugha ya kwetu, nikalainika kama mkate kwenye chai.

Saa nne ya kesho ilifika, Roy hakupiga. Nilimpigia mara tano, simu ikaita mpaka ikakata. Saa sita mhariri aliniita kwenye kompyuta yake, uso umemchanua.

Ilikuwa picha. Tumu amesimama ndani ya saluni, mkono begani kwa Jeanne, na Jeanne ameshika jezi yenye sahihi kwa mkono wake mzima. Klabu ilieleza kwamba nyota huyo alisikia msusi wake wa zamani ameteleza kwenye ngazi akavunjika vidole, akaacha mambo yake yote kwenda kumfariji. Kulikuwa na video pia, ya sekunde kumi na nne. Jeanne anasema alianguka. Anasema mara mbili, maana mara ya kwanza sauti haikusikika vizuri.

"Ukurasa wa nyuma huu," mhariri alisema. "Watu wanapenda vitu kama hivi."

"Anadanganya! Amelazimishwa! Una ujumbe wa Tumu, una picha za mifupa!"

"Nina mwanamke anayesema mbele ya kamera kwamba alianguka. Ukichapa habari yako leo, kesho wanasheria wao wako hapa." Akanipigapiga begani. "Nenda ukachukue maneno yake mawili ya kuweka chini ya picha. Wewe unajua lugha yao."

Nilimchukia kwa sababu kuhusu wanasheria alisema kweli. Pamoja na hayo, nilikwenda.

Saluni ilikuwa imejaa wateja lakini hapakuwa na mazungumzo, redio tu. Wasusi wenzake waliponiona waliinamia vichwa walivyokuwa wakisuka. Jeanne alikuwa amekaa nyuma karibu na sinki, jezi mapajani.

"Balikuya bane," aliniambia kwa sauti ya chini. "Tumu, ule monsieur Roy, na bengine babili balibakia ku mulango. Monsieur Roy aliomba makaratasi yangu ya ukimbizi. Akapiga nayo foto na telefone. Akasema, mama, hii inaisha mwezi wa munane, na mi niko na barafiki kule banazitoaka. Alisema muzuri, kama pasteur ku kanisa. Patronne, mwenye saluni, alinipigia magoti, alisema Jeanne, bataifunga."

Machozi yalinilenga. Yeye hakuwa analia.

"Kitu moya mi siyui," aliendelea. "Tumu hakuyuwaka fasi natumika kazi. Mi njo nilikuwaka naenda kwake. Nani aliwaonyesha hapa?"

Nilitazama sinki. Nilitazama chupa za shampuu. Ningeweza kumtaja polisi, angeniamini, na ningeondoka pale nikiwa bado rafiki yake.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimpigia Roy kwanza, akaniuliza, nikamwambia. Ndivyo tunavyofanya kazi. Tunapiga simu kwanza."

"Na ule wa besiboli? Yeye pia mulimupigia kwanza?"

"Hapana."

Nilingoja anitukane. Ningeyapokea matusi kwa mikono miwili, ningeyabeba mpaka nyumbani. Lakini Jeanne aliikunja jezi vizuri kwa mkono mmoja, taratibu, akaiweka pembeni.

"Sawa," akasema. "Uliza ile balikutuma kuuliza."

"Jeanne, nisamehe."

"Uliza, maman. Banifungie saluni juu yako tena?"

Nikatoa daftari. Nikamuuliza alijisikiaje Tumu alipokuja kumjulia hali.

"Andika nilifurahi," akasema. "Andika Mungu amubariki."

Niliandika. Nilipofika ofisini niliyageuza kuwa Kiingereza, sentensi mbili safi, nikahakikisha jina lake halina kosa. Mhariri hakubadilisha hata neno moja.