Beki Asiyehema

Kambi ya maandalizi ya msimu ilipofunguliwa, kinyozi alifanya kama afanyavyo kila mwaka. Alipangusa wembe, akafunika kiti kwa shuka, akabandika mlangoni kikaratasi cha "Narudi sasa hivi", ambacho mtaa mzima ulijua maana yake ni jioni. Kisha akajitwika benchi la wateja na kulipeleka kwenye uzio wa uwanja wa mazoezi. Wateja wakalifuata benchi lao.

Benchi hilo lilikuwa na itifaki yake. Fundi saa alikaa mwisho wa kulia, kwa sababu sikio lake la kushoto ndilo lililokuwa bado linasikia. Kinyozi alikaa katikati, kwa sababu benchi lilikuwa lake. Mwoka mikate, ambaye mwanawe alikuwa amepandishwa mwaka huo kutoka timu ya vijana kuja kucheza namba tatu, beki wa kushoto, alisimama pembeni ameshika waya wa uzio. Hakuwahi kukaribishwa kukaa.

Ajenda ilikuwa moja: ulinzi. Msimu uliopita timu ilifungwa mpaka wavu ukachanika, na kipa akazoea kuokota mipira nyuma yake kama mzazi anayeokota midoli sebuleni.

Jua lilipofika utosini wachezaji waliingia uwanjani, na nyuma yao akaingia Kisiki, mtoto wa kinyozi, aliyefariki mwaka jana kambini hapohapo. Alivaa jezi ya namba tano waliyomzika nayo, imekunjamana mgongoni kwa kulaliwa. Alikwenda moja kwa moja kusimama kwenye nafasi yake, katikati ya ulinzi.

"Amekonda," alisema fundi saa.

"Ndivyo alivyokuwa," alisema kinyozi.

Tathmini ikaanza. Kisiki hahemi, kwa hiyo mshambuliaji hakusikia mtu nyuma yake mpaka mpira ulipokuwa umeshaondoka. Mpira wenyewe ulitoka miguuni mwa Kisiki na baridi ya jokofu, ikabidi kipa avae glavu juu ya glavu. Aliyegongana naye bega kwa bega aliinuka na midomo mikavu, akashinda kimya siku nzima. Krosi hazikumpita. Hakuchoka, hakudai, hakugusa chakula cha kambi. Fundi saa aliongeza kwamba marehemu hawezi kurubuniwa na timu nyingine katikati ya msimu, na benchi likaona hapo sasa amenena. Walimwona na dosari moja tu: kila alipokaribia kibendera cha kona alishika kifua na kugeuza shingo kuangalia ndoo za maji. Wakakubaliana kwamba hilo litarekebishika.

Sababu ya kurudi kwake haikuwa siri. Mwaka jana, katika jua kama hilo, kocha aliwazungusha vijana uwanjani na kusema hakuna kutoka mpaka apulize kipenga. Kisiki alishika kifua, akaomba maji. Kocha akamjibu kwamba maji ni ya waliomaliza. Benchi nalo liliona, likatoa uamuzi kwamba huo ni uvivu wa wenye vipaji. Alianguka karibu na kibendera cha kona, na katika hekaheka za kumbeba hakuna aliyekumbuka kupuliza. Klabu ilisema ni mapenzi ya Mungu. Ilileta msibani shada la maua na mpira uliosainiwa na wachezaji wote, Kisiki akiwemo, kwa kuwa ulikuwa umesainiwa mapema.

Basi Kisiki, kijana aliyelelewa akaleleka, hakuambiwa amemaliza, na hakumaliza.

Mama yake alipopewa habari kwamba amerudi uwanjani hakulia. Aliuliza kama mtoto amepewa maji. Kesho yake alikwenda dukani akanunua kipenga chake mwenyewe, akasimama kwenye uzio, akakipuliza kwa nguvu zote. Wachezaji walio hai walisimama papo hapo, wakazikimbilia ndoo, kocha akafoka. Kisiki peke yake aliendelea kukimbia. Alipofika karibu na uzio alipunguza mwendo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Twende nyumbani ukalale."

"Kocha bado hajapuliza, mama."

Akaenda zake. Pale Kisiki alipopunguza mwendo, waya wa uzio ulikaa na umande mpaka jioni.

Usiku huo mama alimwambia mumewe maneno machache: kocha ni mteja wako, kazungumze naye.

Kocha alikuja kunyoa ndevu siku moja kabla ya mechi ya kirafiki. Kinyozi alimfunga shuka, akamvua kipenga shingoni ili wembe upite, kama kawaida, akakishika katika kiganja cha kushoto. Kilikuwa chepesi. Wembe ulipofika kooni, akanena.

"Kocha, kile kipenga cha mwaka jana hukukipuliza."

"Najua," alisema kocha bila kutikisa kidevu.

"Mama yake anaomba ukipulize, mtoto apumzike."

"Nikikipuliza, mzee wangu, kesho yule namba tisa wao atakabwa na nani?"

Tisa huyo, mshambuliaji wa wapinzani, aliwafunga mwaka jana mpaka wakamzoea kama mkwe. Kinyozi alitazama mshipa unaopiga chini ya wembe. Alimfikiria mwanawe. Halafu, bila kupenda, alimfikiria yule tisa. Alitafuta jina la beki mwingine, akatafuta tena, akakosa. Akafuta povu, akamvisha kocha kipenga chake, na kamba akaikaza vizuri isije ikafunguka.

Nyumbani alimwambia mkewe kwamba kocha amesema msimu ukiisha. Kocha hakuwa amesema hivyo. Mkewe alijaza maji kwenye glasi, akaiweka dirishani upande wa uwanja, akaenda kulala.

Mechi ya kirafiki iliisha bila wao kufungwa. Yule tisa alitoka uwanjani amejikumbatia, akiomba sweta.

Mazoezi yaliendelea. Mchana mmoja, vijana wakizungushwa juani, namba tatu, mtoto wa mwoka mikate, alianza kubaki nyuma. Alipokaribia kibendera cha kona alishika kifua, akageuza shingo kuangalia ndoo. Kocha akamkumbusha kwamba maji ni ya waliomaliza. Kisiki alipunguza mwendo mpaka wakawa sambamba, akamwekea kijana mkono mgongoni, wakaendelea pamoja.

Benchi lilitazama kwa makini.

"Kwa kweli upande wa kushoto ndio ulikuwa bado unatutia wasiwasi," alisema fundi saa.

"Mwakani utakaa sawa," alijibu mwingine.

Mwoka mikate alikuwa ameushika waya kwa mikono miwili. Kinyozi alimtazama, akajisogeza, akapangusa nafasi kando yake kwa kiganja.

"Njoo ukae, mzee mwenzangu."

Mwoka mikate akaja, akakaa. Kule uwanjani kipenga kilining'inia kifuani mwa kocha, kamba yake imekazwa vizuri.