Kwaya Mchana wa Jumanne

Tulipotoka wodini Jumamosi, muuguzi alitupa maelekezo matatu. Mume wangu, Kamugisha, asikose dawa. Asipate mshtuko. Na kila siku asikilize muziki wa taratibu kwa nusu saa huku akivuta pumzi polepole, kwa sababu humsaidia mtu kutulia, na moyo nao ukatulia. Akasisitiza kwamba muziki hauchukui nafasi ya dawa, na kwamba presha ikipita mia na themanini na kifua kikabana, tusikae nyumbani. Niliyaandika yote nyuma ya kadi yake.

Muziki wa taratibu tuliokuwa nao ni kwaya ya zamani ya kwetu Bukoba, sauti nne, bila ngoma. Kwa siku tatu ulimfaa. Jumanne asubuhi kipimo kilisoma mia na hamsini na mbili.

Mchana huo nilimwacha amelala, spika ikiwa dirishani kwa kuwa soketi iko hapo, ikiimba kwaya ile kutoka kwenye simu yake, nikaenda Tegeta kufuata dawa zilizokuwa zinakaribia kuisha. Duka lilikuwa na watu wengi. Simu yangu ikazima kwa kukosa chaji.

Nilirudi kwa bodaboda. Tulipomaliza kilima cha mwisho cha Madale, niliona pikapu ya kukodisha viti imesimama kwenye geti letu. Viti vilikuwa vinashushwa. Wanawake walishafunga kanga viunoni. Wanaume wawili walikuwa wanavuta kamba za turubai, na kwaya inaimba. Dereva wa bodaboda alipunguza mwendo bila kuambiwa.

Mtaani kwetu, nyimbo za namna ile zikisikika mchana wa siku ya kazi, tena kwenye nyumba yenye mgonjwa, hakuna anayeuliza. Mimi mwenyewe nimewahi kufunga kanga na kwenda kwa wenzangu kwa kusikia hivyo tu. Ningeweza kulifikiria hilo pale getini. Sikulifikiria. Nilijua tu kwamba nimemwacha peke yake, na amekufa peke yake.

Mzee Praygod, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alinishika mkono.

"Pole, Mama Hope. Tumegonga sana, kimya. Tukaona tusiingie chumbani mpaka ufike."

Niliingia peke yangu. Kamugisha alikuwa amelala ameelekea ukutani, mkono mmoja umening'inia. Nilisimama pale kwa muda ambao siwezi kuukadiria, kwa sababu kabla sijamgusa alikuwa bado hajafa. Kisha nikaweka kiganja mgongoni mwake. Ulikuwa wa moto. Ukapanda, ukashuka. Nilisubiri pumzi ya pili ndipo nikaamini.

Hapo hofu nyingine ikaanza. Wimbo wa mwisho ulikuwa unaingia, naye huamka spika ikinyamaza. Akiamka atakuta msiba wake mwenyewe uwanjani.

Nilitoka nikawaambia kwa sauti ya chini kwamba amelala tu, na kwamba nawaomba kila kitu kiondoke kabla hajaamka. Walitazamana. Hamida, jirani wa nyuma, akaziba mdomo kwa kanga.

"Jamani, tunamzika mtu presha imeshuka."

Mzee Praygod alimkazia macho. Lakini walianza kuondoka upesi, wakibeba viti kimojakimoja visigongane, wengine viatu mkononi. Turubai ndilo lililotushinda. Fundo lake lilikuwa nyuma ya tangi la maji, na nilikuwa huko nikilifungua kwa meno wakati kwaya iliponyamaza.

Mlango ukafunguka. Kamugisha alisimama kizingitini, miguu mitupu. Alitazama kanga, viti vilivyobaki, turubai. Yeye alikuwa hai. Kwa hiyo akatafuta nani hayupo.

"Kokushubila," aliita. Tangu tumpate Hope hajawahi kuniita jina hilo mbele za watu. "Ni barabarani? Wamemgonga mke wangu?"

Nilipita chini ya turubai nikikimbia, nikimwambia nipo, nipo hapa. Aliniona. Akaweka mkono kifuani, akakaa kwenye kiti kimoja cha msiba.

"Kinabana," alisema.

Kipimo kilisoma mia na tisini na nane. Gari lililokuwa karibu ni ile pikapu. Tulikaa mbele, yeye katikati, na nikamwomba dereva aende haraka lakini asipige honi. Vidole vyangu vilikuwa kwenye kifundo cha mkono wake. Nilihesabu kwa robo dakika: mapigo thelathini na moja. Simu yake ilikuwa imebaki ndani. Nilianza kuimba kwa pua wimbo wa kubembelezea mtoto, ule niliomwimbia Hope, na sauti yangu ilikuwa inatetemeka kuliko gari.

Mteremkoni nilihesabu tena: ishirini na tisa. Huenda nilikosea, barabara ni mbovu pale. Kamugisha alifumba macho, jasho likimtoka shingoni. Niliimba polepole zaidi, hospitali bado haijaonekana, nikiogopa kunyamaza.