Boti Iliyokataa Kurithiwa

Usiku wa jana niliota injini ya boti yetu inakata roho katikati ya ziwa. Ilikohoa, ikaniomba maji ya kunywa, nikaichotea kwa kiganja. Ikanywa, ikashukuru, ikazima.

Nikavuta kamba ya kuwashia.

"Nyangeta, usinivute," ikasema. "Mimi ni marehemu."

Sikubishana nayo. Marehemu mwingine ninaye tayari, mume wangu Majura, aliyeniachia boti hii ninayovushia abiria kutoka Majita kwenda kisiwani. Pembeni ya injini kubwa alifunga mota ndogo ya umeme, ya kutufikisha nchi kavu siku injini hiyo kubwa ikizima. Ndugu yake Masatu aliicheka sana, akaiita feni. Leo asubuhi ukoo ulikuwa ukae kumkabidhi Masatu vyote alivyoacha kaka yake, yaani boti na mimi. Ndiyo maana nililala na hasira.

Basi humo ndotoni naangalia maji, siyaoni. Boti imekaa uani kwetu, chini ya turubai. Maboya ya abiria yanaangua kilio, yanaililia injini. Mbele yangu vimepangwa viti vya plastiki, havina watu, na ndivyo wazee wenyewe. Mwenyekiti ni nanga yangu, imelala juu ya mkeka.

"Boti ikifiwa na injini," inasema nanga, "inarithiwa na injini ya ndugu. Ndiyo desturi."

"Boti ina mota," nasema.

"Hiyo ni ya akiba. Ya akiba haihesabiwi."

Injini ya Masatu inaingia, imevaa koti la suti, inanuka petroli. Haisalimii mtu. Inapanda nyuma ya boti na kukaa, na kwa uzito wake nyuma kunazama, mbele kunanyanyuka, maji yanaingia ingawa tuko uani.

"Tutazoea, shemeji," inaniambia, maji yakiwa yameshaifika kooni.

"Zoea wewe! Mwenyekiti, mimi siyo kiti cha kurithiwa."

Viti vinaguna. Kimoja chekundu, mguu umefungwa waya, kinasema kauli hiyo imekiumiza. "Mimi nimerithiwa mara mbili," kinasema.

"Uliulizwa?"

Kikasogea kidogo, kikanipisha njia.

Nikaisukuma injini ya Masatu, ikaanguka kwenye matope na koti lake. Nikafungua kamba ya nanga, nikashusha mota ndogo.

"Utaweza?" nikaiuliza.

"Ukinipa mwendo wote, betri itakwisha kabla ya kisiwa," ikajibu kwa sauti ya chini. "Nipe nusu tu. Wakitukimbiza, nipe nusu hiyo hiyo."

Nikaipa nusu. Tukapita katikati ya shamba la muhogo, majani yakigonga ubavu wa boti, hadi ziwani. Kwa kuwa mota haina kelele, hakuna aliyejua nimeondoka. Nyuma yangu nasikia nanga ikitangaza kwamba nimekubali, na viti vikipiga makofi.

Injini ya Masatu ndiyo iliyogundua. Ikaja ikinguruma, ikanipita, ikarudi, ikanizunguka, ikanirushia maji usoni. Mkono ulitamani kuongeza mwendo. Sikuongeza. Ikazunguka tena, ikapiga chafya, mafuta yakaiishia.

"Shemeji, nivute," inasema, imeinamisha kichwa.

"Mwenyekiti atakuletea mafuta," nikasema, nikaendelea na nusu yangu. Raha niliyoisikia siwezi kuificha.

Nikaamka kumekucha. Mota ilikuwa pale ninapoiegemeza kila jioni, ukutani kando ya kitanda, wezi wasiione. Kwenye propela lilikuwa limejiviringisha jani la muhogo, bichi, bado linatoa utomvu. Nikaligusa, likaninata kidoleni.

Nje turubai lilishafungwa na viti vilishajaa wazee. Masatu akagonga mlango.

"Shemeji, wanakusubiri wewe tu."

Nikaweka mota begani, betri nikainyanyua kwa mkono mwingine, nikafungua mlango wa nyuma unaotazama shamba la muhogo. Abiria wangu wa kisiwani nao walikuwa wananisubiri ziwani, penye boti.

"Anzeni tu," nikamjibu.