Siku Niliyomwanika Mheshimiwa

Sungura alikuwa anahema kwa mdomo wazi, na mimi nilikuwa nimekaa jikoni nakunywa chai yangu taratibu. Kati yetu palikuwa na dirisha tu. Alikuwa amejikunyata uani, chini ya kreti la mboga nililolipindua juu yake, kando ya mkeka wake uliolowa mkojo. Jua la saa saba lilikuwa limesimama juu ya saruji kana kwamba limetumwa pale. Mimi ndiye niliyemweka. Nilijua ninachofanya, na nilijua nilijifunza kwa nani.

Mama alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka thelathini na minne. Alipostaafu, walimu wenzake walimpa saa ya ukutani, na mpishi wa shule akampa kitoto cha sungura ndani ya boksi la viatu. Saa ilisimama mwaka uleule. Sungura akaishi. Mama akamwita Mheshimiwa, kwa sababu ya tumbo lake na namna alivyokaa akiwatazama watu kama wameleta maombi. Akamfundisha kwenda haja kwenye beseni la bluu lenye maranda ya mbao, nyuma ya mlango wa jikoni, na Mheshimiwa akashika somo. Wageni walipelekwa kuona.

"Wiki moja tu," Mama aliwaambia. "Wiki moja!"

Mimi nilisimama nyuma yao na sinia mkononi. Mimi ilinichukua miaka tisa.

Nilikuwa nimerudi kwake baada ya ndoa yangu kuvunjika, nikiwa na masanduku mawili na kazi yangu katika chumba cha kufulia cha hospitali. Kazi yenyewe ni mvuke na kelele. Mashuka yanashuka kwenye mikokoteni, tunayachambua kwa mikono yenye glavu, ya damu huku, ya dawa kule, ya mkojo kwenye pipa lake. Ukikaa pale miaka kumi na mitano pua inasoma kama macho. Najua mkojo wa mtoto mchanga, wa mgonjwa wa sukari, wa mzee. Pua yangu haidanganywi, nilikuwa nawaambia wenzangu, nao walikubali.

Mheshimiwa alipoingia mwaka wa tisa, akaanza kuharibu. Kwanza alikojoa pembeni ya beseni, sentimita chache tu, kama mtu aliyekosea mlango. Kisha mkekani. Kisha siku moja ndani ya kiatu changu cha kazi. Nilitoka chumbani nikamkuta Mama amepiga magoti, yale magoti yake yaliyokuwa yakilia kila anapoinuka, anafuta sakafu kwa kitambaa na kumnong'oneza.

"Pole, mwanangu. Usijali. Ni uzee tu."

Mwanangu. Nilisimama na kiatu mkononi, kinadondosha, nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho neno hilo kuelekezwa kwangu. Mimi nilikuwa "wewe". Kukiwa na wageni, "binti yangu huyu".

Mtu anaweza kumwonea wivu dada yake, au mke mwenza, au jirani aliyenunua kochi jipya. Hayo yana wa kuyasikiliza. Lakini sungura? Ningekwenda kwa nani niseme kwamba nakosa usingizi kwa ajili ya mnyama anayekula majani ya karoti? Hata hivyo nilikosa. Alipanguswa kwa taulo laini nililokatazwa kulitumia. Alikatiwa matango vipande vyembamba vya kupitisha mwanga. Nikirudi kazini nimechoka, nilimkuta Mama anamsimulia mambo kwa sauti ya chini, na nikiingia ananyamaza.

"Tumpe mtu mwenye shamba," nilisema jioni moja.

"Mtu hatupwi kwa kukojoa."

"Huyo si mtu, Mama."

Aliendelea kukamua kitambaa kwenye ndoo, muda mrefu kuliko kitambaa kilivyohitaji.

Nitasema sasa kilichokuwa kinanikaba. Tulikaa kwenye nyumba za walimu, zile zilizotazamana na njia ya wanafunzi. Kila asubuhi niliyoamka nimelowa, Mama alinibebesha godoro hadi mbele ya nyumba, akaliegemeza ukutani, nikasimama kando yake mpaka kengele ya kwanza. Hakunipiga. Hakunitukana hata siku moja. Alisema tu, "Ukiona aibu utaacha," kisha akaenda kufundisha watoto wa wenzake herufi, kwa sauti tamu niliyoweza kuisikia kutoka pale nilipoanikwa. Aibu niliiona. Kuacha sikuacha. Wakaniita Bomba. Yupo mwanamke mwenye wajukuu ambaye hata leo tukikutana sokoni huniita hivyo, kwa mapenzi kabisa, na mimi huitika.

Basi dada yake Mama, mama mkubwa wangu, akapasuliwa jicho, na Mama akatakiwa kwenda kukaa naye siku tatu. Alisitasita wiki nzima. Mara safari ni ndefu, mara kifua kinambana. Nilijua ni kwa ajili ya sungura, nikazidi kuchemka. Hatimaye aliondoka Alhamisi, akaniachia karatasi ya maelekezo iliyoandikwa mbele na nyuma kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Maji yabadilishwe mara ngapi, majani yapi yamemkataa, akunwe wapi. Na chini kabisa, neno moja lililopigiwa mistari miwili: *Asikaripiwe.*

Nilipofanyiwa upasuaji wangu mimi, alikuja kunitazama mara moja, na aliketi ukingoni mwa kiti.

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilifua sare yangu, nikaipiga pasi, nikaitundika kwenye kiti. Ikateleza ikaanguka. Nilipotoka bafuni Mheshimiwa alikuwa ameketi juu yake, ametulia, na doa linatambaa kwenye kitambaa cheupe. Sikupiga kelele. Nilimkamata ngozi ya shingo, nikachukua mkeka wake, nikachukua kreti.

"Ukiona aibu utaacha," nilimwambia. Kwa sauti ileile. Sikujua kwamba ninayo.

Ilipita nusu saa, labda zaidi. Nilitazama masikio yake yakilala mgongoni na mbavu zikienda mbio, huku nikingoja kusikia nafuu. Fundi cherehani wa nyumba ya pili ndiye aliyechungulia juu ya ukuta.

"Jirani! Huyo mnyama anakata roho, humwoni?"

Nilimwaga chai yote mezani. Nilipomwinua alikuwa mwepesi mno, manyoya na mifupa, na wa moto kama nguo iliyotoka kwenye pasi. Akaingiza pua yake kwenye kiwiko changu na kuikandamiza humo. Hakuwa na pengine pa kuificha.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono iliyochanwachanwa na paka. Alimfunika masikio kwa vitambaa vyenye maji, akasubiri, akasikiliza moyo, akasubiri tena. Pumzi iliporudi puani, alimkunja miguu ya nyuma, polepole, na Mheshimiwa akashtuka mwili mzima.

"Anakwenda haja wapi siku hizi?"

"Popote. Isipokuwa kwenye beseni lake. Anakojoa pembeni yake kabisa, kama kutukomoa."

"Pembeni kabisa? Basi anafika. Ukingo wa beseni una kimo gani?"

Nikamwonyesha kwa kiganja.

"Nyonga zimekwisha, dada. Anajua pa kwenda, anakwenda, akifika hawezi kupanda." Aliandika dawa ya maumivu. Kisha, bila kuinua kichwa, "Na juani alifikaje?"

"Alitoka mwenyewe."

Alinitazama. Akatazama ile miguu. Akanipa karatasi yangu.

Nyumbani nilipasha kisu kwenye moto, nikakata ukingo wa beseni upande mmoja hadi chini, plastiki ikinuka na kunichoma vidole. Nilikuwa nalainisha makali nilipoona kivuli mlangoni. Mama, siku moja kabla ya siku yake, begi mkononi. Alimwona Mheshimiwa amelala ubavu na kitambaa kibichi kichwani.

"Amepatwa na nini?"

Ningeweza kusema lolote. Daktari nilishamdanganya, ulimi ulishapata mazoezi.

"Nilimwanika," nikasema. "Yeye na mkeka wake. Kama ulivyonianika mimi. Unakumbuka?"

Aliketi kwenye kiti bila kutua begi.

"Nakumbuka."

Miaka thelathini nilikuwa nimejiandaa kwa jibu la "sikumbuki".

"Huyu unamwita mwanangu. Unampigia magoti. Mimi ulinisimamisha nionwe. Nilikuwa nafanya kusudi, Mama?"

"Nilidhani hivyo." Alitazama mikono yake. "Nilidhani mwili ukiamriwa unasikia. Wangu ulikuwa unasikia."

Kisha akafungua begi, akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo matatu, akauweka sakafuni kati yetu. Sikuhitaji kuufungua. Pua ilishasoma.

"Shuka la dada yangu," alisema. "Nimeamka alfajiri, nimelivua kitandani, nimemuaga kwa kusingizia kwamba tumbo linaniuma, nikapanda gari. Umri huu wangu, nimekuwa mwizi wa mashuka."

Hakuna aliyecheka, ingawa alinipa nafasi.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Nafua ukiwa kazini."

Mwaka mzima. Mimi ninayejisifia pua, nimekula naye, nimepishana naye kwenye korido ile nyembamba mara ngapi kwa siku, na harufu yote ya nyumba nimemtwika sungura kwa sababu nilitaka iwe yake.

"Umemwambia nani?"

Akaelekeza kidevu kwa Mheshimiwa.

Na hapo, Mungu anisamehe, kabla huruma haijafika, wivu ulinipanda upya. Kwamba yeye aliambiwa. Kwamba mwaka mzima siri ile ilikaa mle jikoni kwa sauti ya chini, na mimi, ambaye maisha yangu yote nimeyajua mashuka yaliyolowa, ya wengine na yangu, nilinyamaziwa kila nilipoingia. Nilisema jambo la kijinga: "Ungeniambia mimi."

"Wewe?" alisema. "Wewe ndiye ambaye nisingeweza."

Alisema pia, "Ulikuwa mtoto," akajaribu tena, "Ulikuwa mtoto mdogo tu," na hapo sauti ya mwalimu ikamwishia. Samahani haikutamkwa, si na yeye wala na mimi. Nilichukua ule mfuko nikaenda kulitia lile shuka kwenye maji baridi na chumvi, maana maji ya moto hugandisha harufu, na yeye akaja akasimama nyuma yangu kutazama ninavyofanya.

Mheshimiwa aliishi miezi saba zaidi. Aliingia kwenye beseni lile lililokatwa kama mzee anayeingia kwenye gari lake mwenyewe, bila haraka, na sikuona amekosea tena. Alikufa mchana, usingizini. Nililia kuliko Mama, jambo lililotushangaza wote.

Lakini ninachokirudia zaidi ni Jumatatu iliyofuata baada ya Ijumaa ile ya shuka. Nilipita kwenye duka la vifaa vya wagonjwa nikanunua mpira wa kutandika kitandani, nikaingia chumbani kwa Mama bila kubisha hodi. Alikuwa anakunja nguo. Aliutazama ule mpira, akageukia dirisha kidogo, kisha akaziweka nguo kando na kuzunguka hadi upande wa pili wa kitanda. Tuliukunjua pamoja, tukatandaza shuka juu yake. Lilikuwa limekaa vibaya.

"Vuta upande wako, mwanangu," alisema. "Huko kuna kunjo."

Nikavuta.