Maji Aliyoyakataa Machibya

Padri Kristofa alizunguka kanisa la misheni mpaka mbwa wa jikoni wakachoka kumtazama. Kila alipoukaribia mlango wa wodi ya wanaume, mguu ulikumbuka kazi nyingine. Sasa mtu atakagua pipa la maji ya mvua mara ngapi asubuhi moja, na kiangazi chenyewe hakijaisha?

Padri alikuwa akimkimbia mzee Machibya. Mzee huyu aliletwa hospitali ya misheni, nje kidogo ya Bariadi, kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka kijiji cha ujamaa walikohamishiwa mwaka uliopita. Siku ya kwanza tu akamwekea padri sharti.

"Njoo tuongee, sikukatazi. Lakini maji yako usinimwagie. Mimi nitazikwa na ngozi ya ng'ombe, kwenye zizi la baba kule Lingeka tulikohamishwa. Wazee wetu hawampokei mtu aliyebadilishwa jina."

Padri akaahidi. Ahadi ni deni, na hilo alilijua vizuri, maana ndilo alilowahubiria wachumba wote waliopita mbele yake.

Kisha mzee akazidiwa, akapoteza fahamu. Nesi Klementina, binti mwema kuliko wote pale, akafanya kama padri mwenyewe alivyomfundisha: mgonjwa anayekata roho asiachwe aende bila ubatizo. Akammwagia maji kwenye paji la uso, akamwita Thomasi. Kesho yake Thomasi huyo akafumbua macho, akaomba uji.

Nesi alimletea padri habari hiyo huku akicheka kwa furaha. Padri akajibu, "Vema." Angenyamaza, mzee angekufa na amani yake, maana daktari alishasema moyo umechoka. Lakini angekufa akiamini uongo wa padri. Angesema, wana wa mzee wangekuja juu, na Klementina ndiye angelaumiwa. Jamani, padri aliogopa, hakuna haja ya kulipamba.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwishowe akaingia.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wanawane, mwanangu. Mbona unazunguka huko nje kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama?"

Padri akaketi ukingoni mwa kitanda, akamweleza yote. Mzee alisikiliza akitazama bati la paa. Kisha akalipapasa paji la uso wake, akalifuta kwa kiganja, ingawa lilishakauka siku nyingi.

"Nani alimwaga?"

"Klementina."

"Yule mayu, yule mama anayenigeuza ubavu na kunisafisha?" Mzee akamgeukia padri. "Ulimwambia kwamba nimekataa?"

Padri alikuja na majibu yake tayari: kwamba kwa sheria ya Kanisa maji hayamfungi mtu mzima asiyeyataka, kwamba hakuna Thomasi, kwamba Machibya ni Machibya. Swali hili hakulitegemea. Hakumwambia, na si kwa kusahau. Mikono yake mwenyewe iliahidi kutomwaga, lakini moyoni alitumaini mikono ya mtu mwingine. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Hapana, baba. Sikumwambia."

"Mwite. Mwambie, nami nisikie."

Klementina akaja akifuta mikono kwenye aproni. Padri akasimama.

"Mzee huyu aliukataa ubatizo tangu siku ya kwanza. Nilijua, nikakuficha. Kosa ni langu, na maji yale hayamfungi. Siku yake ikifika, atakwenda Lingeka kwenye zizi la baba yake. Wanawe nitawaambia mwenyewe."

"Haya," mzee akasema, akafumba macho.

Padri akashusha pumzi. Alidhani yamekwisha. Lakini Klementina hakuondoka. Alikuwa anatazama dirishani, ng'ambo ya ua, kwenye wodi ya wanawake. Huko ndiko alikofia Rehana, mke wa Athumani mwenye duka mjini, Mwislamu aliyezikwa na wenzake mwezi wa Ramadhani uliopita.

"Padri," alisema taratibu, "mama Rehana naye nilimmwagia. Ulikuwa ukimtembelea kila siku. Yeye hakukukataza?"

Padri akarudi kuketi kitandani, karibu aukalie mguu wa mzee.

"Alinikataza," akasema. "Mumewe akiwepo. Nikawaahidi wote wawili."